Neno la Kusimamisha Maji

Saa sita mchana kituo kikuu cha mabasi kilikuwa kimefurika watu, na Dada wa Juisi alikuwa amepiga magoti kwa mara ya nne tangu asubuhi, si kwa sala, kwa dekio. Maji yalikuwa yametapakaa kutoka kaunta ya shangazi yake mpaka kwenye viatu vya wateja. Juu yake, mkono wa mashine mpya ya kumiminia vinywaji ulikuwa bado unamimina. Glasi imejaa pomoni, maji yanashuka pembeni, na mkono umetulia kama mtu mwenye haki zake.

"We dude, huoni?" alisema, akachomoa waya ukutani.

Alichelewa. Mwanamume aliyekuwa mbele ya kaunta, amevaa shati la samawati lililonyooshwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, alikuwa ameloa kuanzia kifuani hadi kwenye mkanda.

"Pole sana, kaka. Hili dude tumeletewa wiki iliyopita, halina macho."

"Macho linayo," alijibu taratibu, akijikamua shati. "Maji ndiyo yanalishinda. Mimi ndiye fundi niliyelifundisha."

Dada alimtazama kutoka juu hadi chini. "Kumbe. Basi mtoto kamtambua babake."

Fundi akacheka. Dada hakutaka kucheka, akacheka.

Kuanzia hapo Fundi akawa haishi kuja. Alimweleza kwamba kamera ya mashine huiona juisi ya machungwa kwa sababu ya rangi yake, lakini maji yakiwa ndani ya glasi, kamera inapenya glasi, inapenya maji, inaona ukuta wa nyuma, inadhani glasi ni tupu. Maziwa nayo yakitoa povu, inadhani glasi imejaa, mteja anapewa povu.

"Wewe unajuaje imejaa, na huku unaongea na wateja watatu?" alimuuliza.

"Siangalii. Nasikiliza. Yakianza kuingia yana sauti nzito. Yakikaribia mdomo, sauti inakuwa nyembamba."

Fundi alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa kitu alichokitafuta miaka.

Akafunga kinasa sauti kidogo karibu na glasi. Wiki tatu walijifungia na mashine stoo, mlango umefungwa kwa ajili ya kelele, bega kwa bega, Dada anamimina, na kila glasi inapokaribia kujaa anasema, "Basi," ili mashine ijifunze sauti ile na kusimama kwa neno hilo. Gauni lake la njano, ambalo zamani lilikuwa la Jumapili, likawa la kazi.

"Mnaifundisha mashine au mnafundishana?" Shangazi aliuliza, akaufungua mlango wa stoo na kuuacha wazi. Walipomaliza somo, wakaufunga tena.

Jioni simu zilianza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula maneno ya shangazi yako. Nimeshiba."

Siku ya kuirudisha mashine kaunta ilifika. Glasi ya kwanza ilijaa vizuri, watu wakapiga makofi. Glasi ya pili ilikuwa robo pale kipaza sauti cha kituo kilipotangaza, "Basi la saa nne linaondoka." Mkono ukasimama. Dada akaubonyeza uendelee. "Abiria wa basi la saa nne na nusu." Mkono ukasimama tena. Mpaka adhuhuri hakuna mteja aliyepata zaidi ya matone, na kipaza sauti hakikuwa kimechoka.

Shangazi aliweka kisu chini. "Watu wawili wazima, mnafanya kazi kituo cha mabasi, mkachagua neno hilo."

Fundi akachomoa waya.

Jioni ile Fundi alipiga Dada akikamua dekio, naye akaibana simu begani.

"Wangu, bado umenuna?"

"Sijanuna. Nimechoka. Hujui tofauti?"

"Makao makuu wamenipigia. Wanataka nihamie kwao, mji mwingine, mwaka mzima. Watanipigia kesho kutwa saa nane wasikie jibu. Wewe unasemaje?"

Alitaka kusema, basi twende wote, njoo uongee na Shangazi. Alisema, "Basi," akavuta pumzi apate ujasiri wa hayo mengine, bega likalegea, na simu ikaporomoka moja kwa moja ndani ya ndoo.

Namba ya Fundi ilikuwa ndani ya simu, na simu ilikuwa imekunywa maji. Kesho yake alimngojea kaunta kutwa nzima. Hakutokea. Siku ya pili hasira ilikuwa imemfika kooni, maana mtu gani anauliza swali kubwa namna ile halafu anapotea?

Saa saba na nusu Fundi akafika na mkoba wake wa vifaa. Alimwamkia Shangazi, akainamia mashine bila kumtazama Dada.

"Umekuja kufanya nini?" Dada aliuliza.

"Kubadilisha neno. Sasa itasimama kwa 'tosha'. Nikimaliza naondoka, sitakusumbua."

"Nani kasema unanisumbua?"

"Ulisema basi, ukakata simu. Nimeelewa."

"Hujaelewa kitu. Basi ndiyo nilikuwa naanza. Nani anaacha mapenzi kwa neno moja, kama anashuka kwenye gari? Simu iliingia kwenye ndoo."

"Ndoo gani?"

"Ya dekio. Na wewe je? Miguu ilikatika? Kituo kilihamishwa?"

"Nilifikiri..."

"Hukufikiri. Umekaa na hili dude mpaka umefanana nalo. Mtu akitamka basi, unasimama, glasi ikiwa robo."

"Dada, maji yangu," alisema mteja mmoja.

"Subiri, kaka. Naongea na mashine."

Fundi aliweka bisibisi juu ya kaunta. "Ulikuwa unataka kusema nini?"

Dada alijifuta mikono kwenye gauni la njano, akaangalia sakafu iliyoloa.

"Sema, mwanangu," Shangazi alisema. "Mimi nilimzika mume wangu nikiwa na neno la kumwambia kesho. Mpaka leo ninalo hapa kifuani."

Dada akainua uso. "Nilitaka kusema twende wote."

Fundi alipotaka kujibu, simu yake ikaanza kuita. Saa nane kamili.

"Pokea," Shangazi alisema. "Ila mwanangu hatoki hapa bila ndoa. Mungu anasikia, na mimi nasikia."

"Ndiyo, mkuu," Fundi alisema kwenye simu. "Nakuja. Hapana, si peke yangu. Na mke wangu." Alisikiliza, kisha akaiziba simu kwa kiganja. "Wanauliza nyumba ya vyumba vingapi."

"Viwili," Dada alisema.

"Na mimi nilale wapi?" Shangazi aliuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye machungwa aliyokuwa anamenya.

Dada alimgeukia. Miaka ishirini na mbili Shangazi hakuwahi kuifunga kaunta ile hata kwa homa.

"Mwambie vitatu," Dada alisema.