Mifuko Sita ya Chumvi

Dripu ilikuwa inarudi nyuma. Daktari Ghizlane, mtaalamu wa dawa za usingizi, aliyaona matone yakipanda kutoka mkononi mwa Itto kurudi mfukoni, akadhani ni uchovu wa macho. Ilikuwa saa nne asubuhi mjini Meknes, na kifua cha mgonjwa kilikuwa wazi.

Maji yale aliyachagua mwenyewe. Itto, fundi cherehani wa miaka ishirini na mitatu, alikuwa na figo dhaifu, na maji ya chumvi tupu yangezichosha. Akamtundikia yenye chumvi pungufu. Uamuzi safi kabisa, wa kitabuni.

Ikaja harufu ya nywele zinazoungua. Daktari Tazi, mpasuaji, alipoushika moyo, moyo ukamng'ata. Vidole viwili vilivunjika, kila mtu akasikia. Kutoka ndani ya kidonda sauti nzito ikanong'ona, "Niongezee haya haya, binti. Hayana makali."

Muuguzi Lalla Batoul akamkamata Ghizlane mkono. "Mwekee ya chumvi, daktari. Majini hawa huikimbia chumvi; hata kuskusi yao tunawapikia bila chumvi."

"Yatazimaliza figo zake."

"Akifa, figo utazipeleka wapi?"

Ghizlane akaung'oa mfuko ule wa kwanza. Akautundika mfuko wa chumvi, akaukamua kwa mikono miwili, kisha wa pili, wa tatu, mpaka wa sita, huku kile kitu kikinguruma na kumrusha Tazi ukutani, kikipasua taa na kutapika damu nyeusi iliyochemka sakafuni, ikatambaa ikilia mpaka kwenye tundu la maji machafu na kuzama. Moyo ukadunda, polepole, wa binadamu. Batoul alilia kwa furaha.

Siku ya tatu Itto alizinduka. Figo zilikuwa zimevimba, hivyo Ghizlane akaandika kwenye faili kwa mkono wake: asionje chumvi hata chembe. Mama yake Itto alitii, akapika nyumbani.

Ghizlane alipopita adhuhuri, mama alikuwa anatabasamu. "Mwanangu alikuwa mchaguzi wa chakula, daktari. Leo kamaliza sinia zima."

Batoul alisimama mlangoni, macho yakiwa kwenye dripu. Ghizlane naye akatazama. Matone yalikuwa yanapanda.

Itto alilamba vidole kimoja kimoja. "Umeandika vizuri, binti," akasema kwa sauti nzito ile ile. "Mwambie apike tena."