Anga la Tisa

Rafiki yangu ni fundi wa mchezo wa mtandaoni wa vyombo vya angani. Mchana mmoja bosi wake alimpa kazi ndogo. Kompyuta kuu ilikuwa imeelemewa, haiwezi kubeba zaidi ya anga nane, basi alifute lile la tisa, sehemu ya mchezo ambayo wachezaji waliihama zamani.

Aliingia na chombo chake kukagua. Kioo kilikuwa giza tupu, bila hata nyota. Akatoa amri ya kufuta, amri ambayo ikishatoka hairudi, akakaa kusubiri dakika tatu huku akipiga miayo.

Ndipo akasikia mtu anapumua kwenye hedifoni.

"We, nani kaniunganishia sauti?" alimuuliza mwenzake wa meza ya pili.

"Sauti gani, dada? Wachezaji kuongea ni mambo ya mwakani. Hatujaandika hata mstari mmoja."

Pumzi zikawa mbili, kisha nyingi, kama watu waliobanana chumbani. Mtoto akakohoa. Mwanamume akasema taratibu, "Jamani, ukuta unasogea."

Rafiki yangu alibonyeza kila kitufe alichokijua. Mwenzake aling'oa waya wa mtandao. Bosi alikuja mbio, akajaribu, akabaki kashika kichwa. Dakika ziliendelea kuyoyoma, na zile sauti zikawa zinakatika moja baada ya nyingine, katikati ya maneno.

Mwishowe ilibaki moja, ya mwanamke, karibu kabisa na sikio lake.

"Dada," ikamuuliza, "na huko kwenu taa zimeanza kuzimika?"