Kinyozi Aliyeogopa Wembe

Kila asubuhi Mzee Wembe alifungua duka lake la kunyolea. Duka lilikuwa chumba kimoja kando ya barabara. Lilikuwa na kiti cha kuzunguka, kioo kirefu, na benchi la wateja. Jina lake halisi watu walikuwa wamelisahau. Walimwita Mzee Wembe kwa sababu aliwanyoa wao, aliwanyoa baba zao, na sasa alikuwa akiwanyoa watoto wao.

Mkewe alikuja naye kila siku. Watu walimwita Bibi. Bibi alipanga vifaa mezani: mashine kushoto, mkasi katikati, wembe mpya kulia. Vifaa havikubadilishiwa mahali hata siku moja. Kisha alikaa karibu na mlango akifuma vitambaa. Mteja akiingia, Bibi alimkaribisha kwa sauti kubwa.

"Aa, fundi bomba! Karibu, baba! Leo umekuja na ndevu kama brashi ya viatu!"

Alisema hivyo ili mumewe ajue ni nani. Macho ya Mzee Wembe yalikuwa yamefifia. Aliona kama mtu anayechungulia kupitia dirisha lenye ukungu. Mwanga mkali ulimsumbua. Alikuwa amebadilisha miwani, lakini haikusaidia. Basi alinyoa kwa vidole. Alipapasa, akanyoa, akapapasa tena.

Wateja walijua. Hawakusema. Wakitoka hapo, walizunguka kona na kuingia kwa kinyozi kijana.

"Nisawazishie hapa nyuma," walimwambia.

Kijana alisawazisha na hakutaka malipo. "Yule ndiye aliyenifundisha kazi," alisema.

Kwa hiyo Mzee Wembe alidhani mkono wake bado uko vilevile.

Siku moja alikuwa akimnyoa fundi bomba ndevu. Wembe ukateleza chini ya sikio. Fundi bomba alishtuka, lakini akanyamaza.

"Nimekukata?" Mzee Wembe aliuliza.

"Hapana, Mzee. Jasho tu. Joto la leo, jamani!"

Mzee Wembe akasugua kidole kwa kidole. "Jasho halinati hivi, mwanangu."

Bibi aliinuka haraka, akabana jeraha kwa pamba. Lilikuwa dogo. Lakini Mzee Wembe hakuendelea. Aliweka wembe mezani.

"Shingo ya mtu si mahali pa kubahatisha," alisema. "Waambie wateja nimefunga duka."

"Mpaka lini?" Bibi aliuliza.

"Nimefunga, basi."

Wakati huo aliingia Mama Pacha, jirani yao. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya macho. Kwa fadhaa, Bibi hakumtaja.

"Shikamoo, Mzee. Mbona mmenyamaza kama mmefiwa?"

"Marahaba. Wewe ni nani?"

Mama Pacha alikuwa amesimama mbele yake kabisa. Aliwatazama wengine wawili. Wote wakainamisha vichwa. Akamgeuza Mzee Wembe taratibu kwenye mwanga wa mlango, akamtazama machoni. Mboni zilikuwa na weupe.

"Mzee, nadhani huu ni mtoto wa jicho."

"Mtoto? Kwa uzee huu? Nani atamlea?"

Fundi bomba alicheka huku ameshika pamba shingoni. Mama Pacha naye alicheka. Kisha akaketi kwenye benchi.

"Ndani ya jicho kuna lenzi," alieleza. "Ni kama kioo kidogo safi. Tukizeeka, kioo hicho huingia ukungu. Miwani haiondoi ukungu huo. Dawa ya matone haiuondoi."

"Na yale majani aliyoniletea shemeji?"

"Usitie, Mzee! Watu wameunguza macho yao kwa dawa za namna hiyo. Tiba ni operesheni. Daktari hutoa lenzi yenye ukungu na kuweka mpya."

"Wanaling'oa jicho na kuliweka mezani?" aliuliza fundi bomba.

"Nani kakudanganya? Jicho halitoki mahali pake."

"Mimi niliambiwa nisubiri," alisema Mzee Wembe. "Eti mpaka liive."

"Jicho si ndizi, Mzee. Ukichelewa sana, operesheni huwa ngumu zaidi. Tena ni lazima upimwe. Yako magonjwa mengine ambayo huua macho polepole, na macho hayo hayarudi tena. Njoo upimwe tujue ni ugonjwa upi."

Mzee Wembe aliugusa wembe pale mezani. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nimeshika wembe maisha yangu yote. Naujua. Leo umeteleza juu ya ngozi. Ukiteleza ndani ya jicho, je? Siendi."

Bibi alikuja karibu. Akaushika mkono wake.

"Baba watoto, watu wote hawa wamekupa shingo zao. Walifumba macho, wakakuamini. Hata walipojua kwamba huoni, waliendelea kuja."

"Walipojua?"

Fundi bomba alikohoa. "Tusamehe, Mzee. Nikitoka hapa, hupitia pale kona, kwa yule kijana wako. Ananisawazisha. Sote tunafanya hivyo. Hatukutaka kukuvunja moyo."

Mzee Wembe aliinamisha uso. "Kumbe nimekuwa nikiwaharibu vichwa, nanyi mnasema asante."

"Tulikupenda," alisema Bibi. "Lakini hatukujua namna nzuri ya kukupenda. Sasa tumeambiwa. Twende hospitali. Nitakuwa karibu nawe."

Mzee Wembe aliubana mkono wa mkewe.

"Utaniambia ni nani anaingia?"

"Kila mmoja."

Wakaenda. Mzee Wembe alipimwa macho, shinikizo la damu na sukari. Daktari akasema Mama Pacha alikuwa amepatia. Wakapanga kuanza na jicho moja, na la pili baadaye.

Siku ya operesheni, Bibi alikaa naye kwenye chumba cha kusubiri.

"Anayekuja sasa ni daktari," alimnong'oneza. "Mikono yake imetulia. Nilimwangalia akinywa chai. Hata tone halikumwagika."

Mzee Wembe alishusha pumzi. Alitiwa dawa ya ganzi, akaingizwa ndani. Hakusikia maumivu. Aliona mwanga mkali tu, na kuhisi jicho likiguswaguswa.

"Usitikise kichwa, baba," daktari alisema kwa upole.

Maneno hayo Mzee Wembe aliwaambia watu kila siku. Akatulia tuli. Haikuchukua muda mrefu. Jioni hiyohiyo alirudi nyumbani, jicho likiwa limefunikwa.

Kesho yake, kliniki, Mama Pacha aliondoa kifuniko. Mzee Wembe alipepesa jicho. Aliona dirisha. Aliona ukuta wa rangi ya buluu. Kisha akamwona mkewe, akamtazama kwa makini.

"Umekonda, mke wangu."

"Nimezeeka."

"Hayo ni maneno yako. Mimi naona umekonda."

Mama Pacha aliwapa maagizo. "Nawa mikono kabla ya kutia dawa, na usiache kuitia. Usisugue jicho. Lisiingie maji. Usibebe mizigo mizito. Jicho likiuma, likiwa jekundu sana au likififia, njoo mbio. Na usinyoe mtu mpaka daktari akuruhusu, nywele zisije zikarukia jichoni."

Mzee Wembe alifuata yote. Jicho la kwanza lilipopona, alifanyiwa la pili. Daktari alimpa pia miwani ya kuonea vitu vya karibu. Mwishowe akamruhusu kurudi kazini.

Siku aliyofungua duka, wateja walijaa nje. Fundi bomba alikuwa wa kwanza. Hata kinyozi kijana alikuja, akitaka kunyolewa na mwalimu wake. Lakini kabla Mzee Wembe hajamwita yeyote, Bibi aliketi kwenye kiti cha kuzunguka. Akafungua kitambaa chake cha kichwa.

Mzee Wembe akavaa miwani, akakitazama kichwa kile. Upande mmoja nywele zilikuwa fupi, upande mwingine ndefu. Kisogoni palikuwa na njia iliyopinda.

"Nani amekunyoa hivi?"

Bibi alimtazama kupitia kioo. Mzee Wembe akaelewa. Ni yeye mwenyewe aliyekuwa akimnyoa mkewe nyumbani.

"Na hukwenda kule kona?"

"Niende kwa kijana, na kinyozi wangu yupo?"

Mzee Wembe alimfunga shuka la kunyolea shingoni, polepole, kwa mikono iliyotulia.

"Mzee!" fundi bomba aliita. "Foleni imefika barabarani!"

"Kaeni," alijibu Mzee Wembe. "Nina mteja."