Mume Aliyesema Sijapona

— Bwana Daktari, huyu mwanamke hajapona.

Mume wangu alisema hivyo nikiwa nimekaa palepale mbele yake, nimeshavaa viatu vya kurudi nyumbani.

Daktari Cesconi wa hospitali ya wenye wazimu akaweka kalamu chini. Alikuwa ametoka kumweleza mume wangu Bortolo kwamba mimi sikuwa na wazimu wa fujo wala wa huzuni, wala sikuurithi kwa mama yangu. Wangu ulikuwa wazimu wa pelagra, ugonjwa wetu sisi wakulima wa bonde la mto Po, ambao mwaka mzima tunakula polenta, ugali wa mahindi usio na kitoweo. Ngozi inababuka, tumbo linaharibika, mwishowe akili inaondoka. Baadhi ya madaktari wenzake walidai chanzo ni mahindi yenye ukungu. Yeye alisema ni umaskini, basi. Nyama, mkate na divai ya hospitali vilikuwa vimenirudishia akili kabla baridi haijaisha.

— Sasa unataka kusema nini? Daktari akamuuliza.

Bortolo alikuwa akiizungusha kofia yake mikononi.

— Jumapili aliniambia akifika nyumbani atajitupa mtoni. Na hayo si ya mahindi, Bwana Daktari. Yuko hivyo tangu usichana. Hata siku ya harusi alikuwa anacheka, mara analia.

— Bortolo, mimi nimekwambia hayo lini?

Hakunitazama.

— Atakataa, akasema. Wanajua kuficha hawa.

Nikalia, na machozi yangu yakawa ushahidi. Siku zilizofuata nilijikaza nikatulia, na utulivu nao ukaitwa ujanja. Daktari akanitoa kwenye kundi la wagonjwa wa pelagra, ambao hupona na kwenda zao, akaniweka kwenye huzuni sugu. Nilihamishiwa wodi ya wanawake ambao hakuna aliyetarajia watoke.

Jirani yangu wa kitanda, Giuditta, aliniambia nisijisumbue kutafuta sababu, mume akisema hivyo tayari ana mtu. Nilimjua hata huyo mtu mwenyewe: Nives, mjane wa msimamizi wa shamba, mwenye ng'ombe wake wa maziwa. Bortolo hakuja tena Jumapili. Nilimchukia kiasi kwamba nilikula kila nilichopewa ili niishi nione mwisho wake.

Vuli ilipofika, Daktari aliniita. Bortolo ameletwa kwenye mkokoteni, amefungwa kamba, akasema. Yuko wodi ya wanaume, hafungui kinywa alishwe na yeyote. Akaniomba nikajaribu kumlisha.

— Sina mume, nikamjibu.

— Basi mlishe kama mtu yeyote tu.

Nilikwenda. Sitaficha, nilikwenda kumtazama akiteseka. Nilimkuta amekaa kitandani, mikono imebabuka hadi kwenye viwiko, shingo nyembamba. Alinitazama na gauni langu la kijivu, akadhani mimi ni mmoja wa masista wa hospitali.

— Sista, ondoa hiyo nyama.

— Kwa nini?

— Mpelekee mke wangu. Yuko upande wa wanawake. Anaitwa Oliva.

Nikaliweka bakuli chini.

— Si wewe uliyesema ni kichaa?

Akanivuta karibu, akanong'ona kama mtu anayeogopa kusikiwa.

— Usimwambie Daktari. Hana wazimu wowote. Nilidanganya. Wangemrudisha nyumbani, na nyumbani nina nini? Polenta. Ningekuwa namuua mwenyewe kwa kijiko.

— Ungemwambia yeye basi.

— Oliva? Angekataa. Angefunga nguo zake aje nyumbani tufe wote. Heri anichukie ameshiba.

— Na Nives?

— Nives gani?

Nikamwambia mimi ndiye Oliva. Nikamwita kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Alinitazama kwa huruma, kisha akasema kwamba Oliva alikuwa mwembamba sana, na akaniuliza kama nyama ile itafika kabla haijapoa. Nikamwambia itafika. Nikamdanganya kwamba Oliva ameshakula na amemwachia hiyo. Ndipo akafungua kinywa.

Kesho yake Sista mkuu alinikataza kurudi tena. Mgonjwa wa kike haruhusiwi wodi ya wanaume, ile ilikuwa mara moja tu. Nikaenda kwa Daktari nikamweleza kila kitu.

Akachukua kalamu.

— Unajua nikiandika kwamba mumeo alidanganya, lazima utoke?

— Najua.

— Utarudi kula kilekile kilichokuleta hapa.

— Mke aliye nje anaruhusiwa kumwona mumewe?

— Alhamisi na Jumapili.

— Basi andika.

Aliandika. Nilipata kazi ya kufua kwa watu kijijini, na siku hizo mbili nilitembea hadi hospitali. Wakati mwingine nilimkasirikia upya njiani, kwa kuamua peke yake nani aishi na nani afe, kwa kuniacha nimchukie miezi ile yote. Nikifika, hasira ilikuwa haina wa kuipokea. Pelagra ilikuwa imemfikia pabaya, chakula hakikumsaidia tena.

Alifariki Alhamisi moja kabla ya Kwaresima, nikiwa nimemshika mkono. Mpaka mwisho aliniita Sista, na mimi niliitika.