Nilipoteza Sauti ya Mama Mtandaoni, Nikamsingizia Dada Yangu

Nina miaka thelathini na saba, nina mke na watoto wawili, na nina duka la steshenari hapa Bariadi. Mlangoni nilikuwa nimebandika kibao, "Mtaalamu wa Tovuti". Kibao chenyewe nimekishusha kwa mikono yangu... Ndugu wasomaji, nisomeni tu, ila msinicheke.

Mama yetu aliishi Nkoma, kwenye shamba letu la pamba. Alipoanza kuumwa, dada yangu Mbuke, anayenifuata kuzaliwa, alihamia kwake kumuuguza. Akawa anamrekodi kwa simu: ukoo wetu ulikotoka, nani kamzaa nani, makaburi ya wazee yako wapi, na nyimbo za palizi alizoimba akiwa msichana. Yote kwa Kisukuma. Akaniletea simu ile nitengeneze tovuti ya ukoo, ndugu wote wamsikie.

Nikatengeneza. Si nilikuwa fundi bwana! Nikapandisha sauti zote, kisha nikazifuta kwenye simu ili nafasi ipatikane. Mbuke aliomba nimbakizie nakala kwenye flashi. Nikamcheka. Nikamwambia kitu kikishaingia mtandaoni hakipotei milele, aache ushamba. Loo, mdomo huu!

Mwaka na kitu baadaye, mama akafariki.

Mjomba, kaka yake wa pekee, alitoka Bukundi akafika tumeshazika. Alikaa mkekani akalia, halafu akasema kwa kuwa hakumuaga dada yake, basi angalau asikie sauti yake. Watu wote wakanigeukia mimi. Nikaunganisha simu na spika, nikafungua tovuti... Hakuna kitu! Maandishi ya Kiingereza tu, kwamba akaunti imefungwa.

Nikasema mtandao unasumbua. Kesho yake asubuhi mjomba akauliza tena, na simu za wenzangu zote zilikuwa zinashika vizuri. Ningesema nini, mimi mtaalamu? Mungu anisamehe, nikamwangushia dada yangu jumba bovu.

"Mbuke nilimpa neno la siri," nikasema. "Nadhani amegusagusa, akafuta."

Mbuke aliniangalia tu. Wazee walimsema mpaka akainuka akaenda jikoni. Mjomba aliondoka bila kumuaga. Mtu aliyemuuguza mama mpaka pumzi ya mwisho! Na mimi nilikuwa nimekaa palepale, nakunywa uji.

Niliporudi mjini nikampigia jamaa mmoja wa Mwanza anayeijua kazi hii. Akanieleza taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Jina la tovuti ni kitu kimoja, na mahali vitu vyake vinapokaa ni kingine. Mahali hapo ndipo panaitwa hosting: umepanga nafasi kwenye kompyuta ya watu. Mwaka wa kwanza nilipewa bure, ukaisha. Walinikumbusha mara kadhaa, lakini kwenye barua pepe niliyoifungua siku ya kujisajili na sikuigusa tena. Wakasubiri, wakafunga, wakafuta. Kutunza nakala ilikuwa kazi yangu mwenyewe, wala si yao.

Jamani, sisi Wasukuma tukimkabidhi mtu ng'ombe atuchungie zizini kwake, si tunakwenda kuwaangalia? Mimi sauti ya mama niliitelekeza kwa watu ambao hata jina lao nilikuwa nimelisahau!

Siri ile nilikaa nayo miezi minne. Kila Mbuke alipopiga simu kunijulia hali, nilitamani ardhi ipasuke. Mwishowe nikamfuata Nkoma, nikamwambia ukweli huku nalia.

"Nilijua siku ileile, kaka," akasema. "Kwangu yameisha. Kamwambie mjomba."

Tukaenda wote Bukundi. Nikapiga magoti, nikasema kila kitu mbele ya watoto wake. Mjomba akamuuliza Mbuke kama kuna lolote analokumbuka. Mbuke akaanza... Akataja ukoo jina kwa jina, akaimba na nyimbo za palizi, kwa maneno yaleyale ya mama. Mjomba alilia, akacheka, akamwomba arudie. Halafu akanigeukia.

"Na wewe? Tuambie hata moja."

Sikuwa nalo. Zile sauti nilizipandisha mimi, moja baada ya nyingine, lakini sikuwahi kukaa nikasikiliza hata moja! Niliona nina muda. Si ziko mtandaoni?

Nawaomba, wenzangu wenye tovuti, iwe ya ukoo, ya kwaya au ya duka. Jua umepanga kwa nani, kwa barua pepe ipi, na muda unaisha lini. Nakala ziwe kwako, tena sehemu mbili tofauti. Ukiharibu, sema umeharibu siku hiyohiyo, usimtwishe mwingine mzigo wako.

Na kama mama yako bado anaongea, kaa umsikilize kwanza. Mimi wangu sitamsikia tena.