Mchanga Kwenye Kona ya Juu

Alhamisi moja ya Aprili nilitoka Bujumbura asubuhi, nikafika Kizuka, juu ya Rumonge, kabla ya saa nne. Dada yangu Vestine alikuwa amenipigia simu mara moja tu. Alisema mfereji wa paa unafurika na ukuta wa chumba chake unavimba. Ninafanya kazi redioni. Ninayoyaandika hapa niliyaona mwenyewe.

Nyumba ni ya matofali ya udongo yasiyochomwa, na paa ni la bati. Mumewe, Darius, aliijenga kwa mikono yake, na mifereji akaifunga mwenyewe. Alikuwa mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwani. Agosti iliyotangulia mtumbwi wake ulipinduka mbele ya Rumonge. Wenzake wawili waliogelea mpaka ufukweni. Yeye hakuonekana tena. Jumamosi hiyo ukoo wake ulikuwa unakuja kwa ajili ya kuganduka, kuondoa matanga. Baada ya hapo Darius angehesabiwa kuwa amekufa, mwili uwepo usiwepo.

Nilimkuta fundi Ismaili juu ya ngazi.

"Amahoro, jurnalisti! Shemeji yako mfereji huu aliufunga kwa macho, si kwa kamba. Lakini mteremko iko sawa. Alikuwa na bahati."

Vestine alikuwa amekaa kizingitini na binti yake Keren, wa miaka sita. Hakucheka.

Ismaili alinieleza. Maji yakimwagikia katikati ya mfereji, mteremko ndio mbaya. Yakimwagikia penye bomba la kushushia maji, bomba limeziba. Hapa yalimwagikia penye bomba, juu ya ukuta wa chumba anacholala Vestine na mtoto. Ismaili alitoa nyuzi za michikichi na kiota kimoja cha ndege. Akamwaga ndoo tatu za maji. Zote zilishuka bila kikwazo hadi kwenye pipa la kukingia mvua, kupitia tundu la kifuniko.

"Murakoze, fundi," Vestine alishukuru. "Mvua ikinyesha litaziba tena. Nimelisafisha mara ine."

"Mama Keren, unanitafutia kazi ya kila siku?"



Saa tisa mvua ilianza. Baada ya dakika kumi mfereji ulifurika palepale. Maji yaliteremka ukutani kwa upana wa mlango, na kipande cha udongo kikubwa kama kitabu kikaanguka. Ismaili alikimbia nje, akaingiza kidole kwenye ufa. Mimi nilikuwa chumbani. Nilikiona kidole chake kikitokea juu ya mto wa Keren.

"Mvua mbili zaidi," alisema aliporudi ndani. "Tatu, Mungu akipenda. Halafu ukuta utawalalia."

Mvua ilipokatika alifungua kona ya juu ya bomba. Ilikuwa imejaa mchanga. Mchanga mweupe, safi, wenye konokono wadogo wa ziwani. Ziwa liko kilomita tatu chini ya nyumba.

Alichukua msumeno akakata bomba, kipande kwa kipande, kuelekea chini. Vipande vyote vilikuwa vitupu. Mzaha ulikuwa umemwisha.

"Tazama," alininong'oneza. "Uchafu ukishuka, unakaa chini. Huu hauna kitu chini yake. Huu umepandishwa."

Akapasua kipande kimoja kwa urefu. Ndani, kwenye utando wa kijani, kulikuwa na mistari mitano iliyokwenda sambamba. Utando ulikuwa umejikusanya kwenye ncha ya juu ya kila mstari. Nilijaribu kuingiza mkono wangu kwenye kipande kingine. Uliishia kwenye vifundo vya vidole.

Ismaili alimgeukia Vestine.

"Mama Keren, ndani ya pipa iko nini?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Ya Darius."

Alieleza kwa sauti ileile anayotumia kutaja bei ya mhogo. Siku ya kunawa mikono baada ya msiba, hapakuwa na mwili wala kaburi. Mama mkwe wake, Eliana, aliagiza maji yachotwe kwenye bidoni, dumu moja, pale mtumbwi ulipopindukia. Watu walinawa. Nusu ya bidoni ikabaki. Hakuna aliyewahi kuona jambo kama hilo, kwa hiyo hakuna aliyejua maji hayo yanamwagwa wapi. Kumwaga uani, watu wangeyakanyaga. Vestine akayatia kwenye pipa. Mvua iliyaongeza. Pipa halikuwahi kumwagwa.

"Munayatumia?" Ismaili aliuliza.

"Kunywa, hapana. Tunaoga tu."

Ismaili aliinamisha kichwa.

"Nikifunga bomba jipya leo, kesho litaziba. Yamwagwe, mama. Yarudi yalikotoka."

Vestine aliutazama ukuta. Akamtazama Keren.

"Mwageni," alisema. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Tulilisukuma pipa hadi kwenye korongo linaloteremka ziwani. Ismaili alisoma dua. Mimi nilivua kofia. Maji yalikuwa safi, hayakuwa na harufu. Chini ya pipa hapakuwa na kitu. Hata mchanga.

Ijumaa Ismaili alifunga bomba jipya. Mvua ilinyesha saa mbili nzima, na maji yote yalishuka. Jumamosi ukoo ulikuja, kuganduka kukafanyika. Eliana alinishika mkono.

"Sasa amepumzika, mwanangu."

Ukuta ulipakwa udongo mpya, ukakauka. Kama ingekuwa hivyo tu, nisingeandika.

Nilirudi Julai. Mvua ilikuwa imekatika tangu Mei. Vipande vya bomba la zamani vilikuwa nyuma ya jiko. Nilivipasua vyote, nikavipanga chini kwa mfuatano wake. Mistari ilikuwepo ndani ya kila kipande. Niliikagua mara mbili, maana kazi yangu ni kuhakikisha kabla ya kusema.

Yote ilikuwa inapanda. Hakukuwa na hata mmoja unaoshuka. Kilichopanda hakikurudi kwenye pipa.

Niliingia chumbani, Vestine akanifuata. Keren siku hizi analala kwa bibi yake. Kwenye dari ya mikeka, juu ya kitanda, kulikuwa na doa la unyevu. Lilikuwa na urefu wa mtu. Chini yake, kwenye shuka, kulikuwa na mchanga mweupe, kiasi cha kijiko.

"Tangu lini?"

"Tangu mulipomwaga."

"Nimwite Ismaili?"

"Wa nini? Ukuta iko sawa."

Aliukusanya mchanga kwa kiganja, akautia kwenye chupa iliyokuwa dirishani. Chupa ilikuwa imekaribia kujaa. Juu ya mchanga kulikuwa na konokono mmoja mdogo.

Alikuwa anatembea.