Simu Iliyozimwa kwa Heshima

Kila siku akitoka shule, Kiherehere alipita mlango wa nyuma, akavua sare, akala alichowekewa, kisha akaingia kazini. Kazini kwenyewe ni hapo hapo nyumbani, kwa maana baba yake alikuwa na nyumba ya huduma za mazishi. Mbele kulikuwa na chumba cha kuagia marehemu, chenye viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe. Nyuma kulikuwa na karakana ya majeneza, inayonukia mbao na vanishi. Juu, ghorofani, ndiko alikolala yeye, baba, kaka yake na shangazi.

"Wewe unalala na maiti!" wenzake darasani walimtania.

"Maiti hawajawahi kuninyang'anya kalamu," aliwajibu. "Nyinyi je?"

Jina la Kiherehere msichana huyu alipewa na shangazi yake, na wala halikumuudhi. Alilibeba kifua mbele.

Mwaka huo kaka yake alikuwa amemshawishi baba wakubali mambo mapya. Picha za marehemu zikawa zinaonyeshwa kwenye televisheni ukutani. Ramani ya njia ya makaburini ikawa inatumwa kwa simu, wageni wasipotee. Na ndugu walio mbali wakawa wanafuatilia maziko moja kwa moja, huko huko waliko. Baba alinung'unika weee, mwisho akanyamaza, akachonga kwa mkono wake kigoda kirefu cha miguu mitatu cha kuwekea simu ya kurushia picha. Kiherehere alipewa simu ya pili, ya kuzungumza na hao wa mbali na kuwauliza kama wanaona na kusikia vizuri.

Jumamosi moja walikuwa wanamzika fundi baiskeli. Binti yake wa pekee alikuwa amelazwa hospitalini, mji mwingine kabisa, mguu umevunjika na kuning'inizwa kwa vyuma. Madaktari walimkatalia katakata kusafiri. Basi baba yake Kiherehere alimpa ahadi: kabla jeneza halijatoka, sauti yake itasikika kwenye spika ya chumbani, amuage baba yake mbele ya watu wote. Tangu asubuhi Kiherehere alikuwa akizungumza naye.

"Mdogo wangu, usiniache," binti yule alimwambia.

"Sikuachi, dada. Zamu yako ikifika, wewe sema tu."

Saa ya kuaga ikafika. Chumba kilijaa, wengine wamesimama hadi barazani. Kiherehere alikaa kwenye korido, mlango ukiwa wazi, simu mkononi. Baba aliingia na koti lake jeusi, akasimama kando ya jeneza, akasema kwa sauti yake nzito kama ilivyo desturi ya nyumba ile:

"Simu zote zizimwe."

Kaka, aliyekuwa amesimama kando ya kigoda, alikulia chini ya amri hiyo. Tangu utotoni alijua kwamba simu ikilia mbele ya marehemu, jicho la baba peke yake linatosha kukutoa jasho. Mkono wake ukatii kabla ya akili. Akabonyeza kitufe, na simu iliyokuwa juu ya kigoda, ambayo ndiyo ingeleta sauti ya binti kwenye spika, ikazimika.

Lahaula! Hakuna aliyegundua. Mpwa wa marehemu akasema yake, jirani akasema yake, kisha ikaja zamu ya binti. Watu wakatazama spika. Kimya. Wakangoja. Kimya kile kile.

"Mtandao huo," mtu alinong'ona, na wengi wakatikisa vichwa.

Hapo ndipo kaka alipoiangalia simu, akamtazama baba kwa macho ya mtu aliyefumaniwa. Baba akaelewa. Na mdogo wa marehemu, ambaye kila mtu alimwita Baba Mdogo, akatazama saa yake na kusema, "Tuendelee bwana, makaburini wanatungoja." Baba akawaashiria wabebaji, jeneza likanyanyuliwa.

Simu ya Kiherehere ikatetemeka, akaipokea. "Mdogo wangu, mbona giza?" binti aliuliza. "Mimi naongea, wananisikia?"

Kabla hajajibu, baba alikuwa ameshafika kwenye korido. Akaifunika simu kwa kiganja.

"Mwambie mtandao umekatika. Kesho tutampelekea video."

"Umekatika, baba?"

"Kiherehere!"

"Kaka ameizima. Nimeona alivyokutazama."

"Watu wote wale wako nje! Unataka waseme hatujui kazi? Jina la nyumba hii nimelijenga kwa jasho langu."

"Na dada je? Baba yake atazikwa mara ngapi?"

Baba alikunja uso. "Usinivunjie heshima mbele ya watu," alisema, akatoka.

Kumkatalia baba si mchezo. Lakini Kiherehere aliona uwongo ule haumezeki, hata ungepakwa sukari. Akaiweka simu sikioni.

"Dada, mtandao haujakatika. Simu tumeizima sisi wenyewe, kwa makosa. Sasa wanataka ungoje video ya kesho."

"Wameshaondoka?"

"Wanaliingiza jeneza kwenye gari."

"Wasimamishe, mdogo wangu. Nakuomba, wasimamishe!"

Alitoka mbio. Akapenya katikati ya makoti na mashada ya maua, akafika nyuma ya gari, akaushika mlango uliokuwa unataka kufungwa.

"Gari haliondoki!" alipiga kelele. "Binti yake hajamuaga!"

"Mtoto wa nani huyu?" Baba Mdogo aling'aka. "Hana adabu hata kidogo!"

"Wa hapa hapa! Na adabu ninayo. Tulimwahidi, kisha tukamzimia simu. Sasa tunataka kumsingizia mtandao!"

Minong'ono ikazagaa uani. Shangazi alikuja kumvuta mkono, lakini aliposikia maneno hayo akauachia, akasimama kando ya mlango naye, mikono kiunoni. Dereva, mzee waliyempachika jina la Breki, akazima injini, akachomoa ufunguo na kuutia mfukoni.

"Gari limegoma," alisema, akakunja nne.

Watu wote wakamgeukia baba. Jasho lilimtoka. Angeweza kumfokea binti yake, na nusura afanye hivyo. Akamtazama mtoto yule aliyeng'ang'ania mlango kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine, akavuta pumzi.

"Anasema kweli," alisema. "Mtandao hauna kosa. Niliamuru simu zizimwe, nikasahau kwamba mmoja wa wafiwa yumo ndani ya simu. Nilipojua nikataka kuficha. Nawaomba radhi."

"Na makaburini?" Baba Mdogo aliuliza, safari hii kwa sauti ndogo.

"Watatungoja."

Kaka akakimbia ndani, akapitisha waya dirishani, akaleta spika hadi nyuma ya gari. Kiherehere akaiunganisha simu yake. Uani kukawa kimya.

"Baba," sauti ilisema, ikikwaruza kidogo. "Walitaka ningoje video. Nimekataa. Uliponifundisha baiskeli ulinishika kwa nyuma, kisha ukaniachia bila kuniambia, nikaenda mwenyewe. Leo mimi ndiye ninayekuachia, na ninakuambia. Nenda salama, baba yangu."

Baba Mdogo, yule yule wa saa, alikaa chini kwenye ngazi akalia wazi wazi. Breki akautoa ufunguo.

Jioni, walipokwisha kurudi na kukunja vitambaa vya viti, baba aliwaketisha watoto wake karakanani.

"Kosa la kaka yako ni la mkono, na la mkono hurekebishwa," alisema. "Langu lilikuwa baya zaidi, maana nilijua. Kama ungenitii, tungemnyima mtu kitu ambacho kesho tusingeweza kumrudishia. Simu, spika, televisheni, vyote hivi ni vya kuwafaa wafiwa, si vya kufichia makosa yetu. Mkikosea, semeni mapema, wakati bado kuna la kufanya. Na mimi nikikosea tena, nipigie kelele vile vile."

"Hata mbele ya watu?" Kiherehere aliuliza.

Baba alijikuna kichwa.

"Hata mbele ya watu," alisema.